Piano ya bure yatosha: Kijana wa Ukunda, usiuze simu kununua sauti za kinanda

Kuna sauti moja ambayo ukiishi Ukunda unaijua hata kama huitaki: kinanda kinacholia kama baiskeli ya muuza aiskrimu. Utaisikia kwenye nyimbo za mapenzi zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye matangazo ya harusi, hata kwenye zile nyimbo za kampeni zinazopigwa juu ya pikapu kutoka Kona ya Musa hadi Mwabungo. Mwimbaji ana koo tamu, maneno yamepangika, lakini piano iliyo chini yake imekauka kama muhogo wa juzi.

Ukimuuliza mwenye wimbo, jibu ni lile lile: hatuna pesa za plagini kali. Kisha anakuonyesha kwenye YouTube Mzungu fulani aliye na kinanda cha ndoto zake, na anaanza kupiga hesabu ya kuuza simu.

Ngoja kwanza. Kabla hujaiuza, nataka tuongee kuhusu programu za sauti za kinanda, yaani zile unazoweka kwenye kompyuta ili ukibonyeza kitufe kisikike kama piano ya kweli, ogani ya kanisa, au ile piano ya umeme ya nyimbo za zamani. Msimamo wangu nausema mapema: kwa anayeanza, za bure zilizopo sasa zinatosha kabisa, na pesa ulizonazo zina kazi nyingine muhimu zaidi. Najua prodyuza wako atapinga. Mwache apinge, wewe soma.

Kwa nini jambo hili lina uzito hapa Kwale na si porojo tu za wapenda vifaa? Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilisitisha uchimbaji wa madini Kwale, baada ya zaidi ya miaka kumi ya kusafirisha mchanga wake kupitia Likoni. Ajira zikaisha, na biashara ndogondogo zilizokuwa zikiwategemea wafanyakazi wale zikahisi pengo. Kilichobaki kikubwa ni utalii, na utalii wa Diani una tabia zake: Desemba hoteli zimejaa, Julai na Agosti kuna nafuu, halafu mvua ya masika inakuja na watu wanarudishwa nyumbani kusubiri simu ya meneja. Muziki ni mojawapo ya kazi chache ambazo kijana anaweza kufanya misimu yote. Leo ni harusi Gombato, kesho ni kucheza hotelini, keshokutwa ni kumtengenezea biti dada anayeimba kaswida. Basi mtu akitupa Sh50,000 kwa kitu asichokihitaji, huo si mchezo. Hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Na Pwani haijawahi kusubiri vifaa vya bei ghali ndipo ifanye muziki. Taarab ya Mombasa ilijijengea sauti yake ya kipekee kwa taishokoto, kifaa cha nyuzi kutoka Japani chenye vitufe kama vya taipureta, ambacho hakikuwa kimetengenezwa kwa ajili yetu hata kidogo. Wazee walikichukua, wakakifunza Kiswahili, na leo ukiisikia sauti ile unajua uko Mombasa. Baadaye zikaja kibodi za umeme, nazo zikala nafasi ya kodiani na fidla. Them Mushrooms, waliotuachia Jambo Bwana mwaka 1982, walikuwa bendi ya kuwapigia watalii hotelini. Kwa hivyo ukikaa chumbani Mkwakwani na laptop ya mtumba ukitafuta sauti ya bure, uko kwenye mstari wa watu wa heshima.

Sasa tuingie jikoni.

Programu za piano ziko za aina mbili kubwa, na ukielewa tofauti yake umeshaokoa pesa. Aina ya kwanza ni ya sampuli. Mtu amekaa na piano halisi na maikrofoni nzuri, akarekodi kila kitufe, polepole, kwa nguvu ya kati, kwa nguvu nyingi. Wewe ukibonyeza, kompyuta inacheza ile rekodi. Hapa ndipo ukubwa wa faili unapotoka. Piga hesabu nami. Sekunde moja ya sauti nzuri ya stirio, ya biti 24 na kasi ya 48,000, inakula kama KB 288. Noti moja ikiachwa ilie sekunde 15 inafika MB 4 na ushei. Piano ina vitufe 88. Ukirekodi kila kimoja kwa nguvu 16 tofauti, tayari umekaribia au kupita GB 6, na hujaongeza maikrofoni ya pili wala sauti ya pedali. Ndiyo maana Keyscape ya kampuni ya Spectrasonics, ile wanayoiota wengi, ina GB 77. Bei yake ni dola 399. Kwa dola ya Sh129 hiyo inapita Sh51,000, na bado hujahesabu bando la kuipakua wala ushuru.

Aina ya pili haina rekodi yoyote ndani. Ni hesabu tupu: kompyuta inakokotoa jinsi nyundo inavyogonga waya na jinsi ubao wa piano unavyotetemeka. Pianoteq, ya Wafaransa wa Modartt, ndiyo inayojulikana zaidi, na programu nzima ina ukubwa wa makumi tu ya MB. Yaani ndogo kuliko video moja ya harusi ya binamu yako. Toleo lake la chini linauzwa zaidi ya yuro 100, kwa hivyo si bure, lakini lile la majaribio unaweza kulipakua na kulisikiliza: baadhi ya vitufe vimenyamazishwa na baada ya dakika 20 linazima. Kwa mtu mwenye laptop ya zamani na diski ndogo, hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekwambia ukiwekee akiba siku ukianza kulipwa. Si leo.

Leo chukua za bure. Nitakutajia chache nilizo na uhakika nazo, na sitakupa orodha ya thelathini, maana anayepakua thelathini hacheza hata moja.

Ya kwanza ni Salamander Grand Piano. Hii ni piano ya Yamaha C5, ile kubwa ya kulala, iliyorekodiwa na Alexander Holm kwa nguvu 16 tofauti kisha akaiachia dunia bila malipo. Ujanja alioutumia ni kutorekodi kila kitufe. Alirekodi kimoja, akaruka viwili, akarekodi kingine, na kompyuta inajaza hapo katikati kwa kuvuta sauti juu au chini kidogo. Sikio la kawaida halitambui, na faili likapungua sana. Kuna matoleo kadhaa, na yale madogo hayafiki GB moja. Kuitumia unahitaji kicheza sampuli, na Sforzando ya kampuni ya Plogue ni ya bure. Piano hii inang'aa, inafaa injili, inafaa bongo fleva, inafaa hotelini.

Ya pili ni Soft Piano ya mkusanyiko wa LABS, kutoka kwa Spitfire Audio ya Uingereza. Hii ni kinyume cha Salamander. Imefunikwa kitambaa, inanong'ona, unasikia hata mbao zikilia. Weka chini ya shairi au wimbo wa huzuni, utanishukuru. Ukiiweka kwenye biti la kuchezesha watu itapotea kama sindano kwenye mchanga wa Diani, na huo si ubaya wake, ni kazi uliyoipa isiyoifaa. Karibu na hiyo kuna Decent Sampler, kichezaji cha bure kinachofungua piano nyingi zilizorekodiwa na watu wa kawaida na kukusanywa kwenye mradi wa Pianobook: piano ya bibi ya mtu, piano ya shule iliyoharibika tyuni, na mengine ya namna hiyo. Baadhi ni takataka. Baadhi ni dhahabu.

Ya tatu ni Dexed, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1983 Yamaha walitoa kibodi iliyoitwa DX7. Haikuwa na sampuli. Ilitengeneza sauti kwa kuyatikisa mawimbi kwa mawimbi mengine, na piano yake ya umeme, ile yenye mlio wa kengele na kioo, ikaenea kwenye baladi za miaka ya themanini mpaka ikawa kama chumvi. Nyimbo za mapenzi ambazo mama yako anazipenda, uwezekano ni mkubwa kwamba zina DX7 ndani. Dexed ni DX7 ile ile kwa njia ya programu, ya bure, na inafungua hata mafaili ya sauti ya kibodi ya asili. Kwa sababu haina rekodi, ni nyepesi mno. Laptop yenye RAM ya GB 4 inaibeba bila kutoka jasho. Ukitaka wimbo wako usikike wa kizamani kwa makusudi, hakuna haja ya kutafuta kingine.

Lakini si hilo tu linalonifanya niitaje. Dexed, pamoja na sinthesaiza nyingine ya bure iitwayo Surge XT, inakubali ubadilishe tyuni ya vitufe kwa kutumia faili dogo la maandishi. Kwa Mzungu anayepiga pop hilo ni pambo. Kwa mtoto wa Pwani ni jambo la kufa na kupona, na nitakwambia kwa nini.

Piano ya kawaida imegawanya oktavu kwa hatua 12 zilizo sawa. Makamu za Kiarabu ambazo taarab ilizichukua hazikai humo zote. Chukua makamu ya Rast ukianzia C: noti yake ya tatu si E na wala si E bemoli, iko hapo katikati, na ya saba vile vile. Bayati ukianzia D, noti ya pili inakaa hapo hapo katikati. Mpiga udi au fidla hana shida, kidole chake kinatafuta kinapopataka. Mpiga piano hana kitufe. Ndiyo maana mara nyingi ukisikia kijana ameweka piano ya kompyuta chini ya mwimbaji wa taarab au kaswida, unahisi kuna kitu kinakwaruza na hujui ni nini. Mwimbaji yuko sahihi. Piano nayo iko sahihi kwa sheria zake. Hawako nyumba moja. Wapiga kibodi wa bendi wanalijua hili siku nyingi, ndiyo sababu wanatafuta kibodi zenye kitufe cha kushusha noti moja moja kwa robo. Ukiwa na Dexed au Surge XT, unashusha E na B kwa senti 50, yaani nusu ya hatua moja ya piano, na ghafla mwimbaji anatulia. Hilo peke yake linaweza kukupa kazi ambayo prodyuza mwenye Keyscape ya Sh51,000 atashindwa nayo, kwa sababu hajui hata kwamba tatizo lipo.

Ogani nitaipita haraka. SetBfree ni ya bure na inaiga ile Hammond ya makanisani na ya reggae. Inatosha.

Na kama huna laptop? Kwenye iPhone kuna GarageBand, haina malipo na piano zake si mbaya. Kwenye Android kuna BandLab, nayo ni ya bure, ila Android nyingi za bei ya chini hukawia kutoa sauti baada ya kubonyeza. Ukitaka kuunganisha kibodi ndogo na simu, waya wa OTG unafanya kazi kwenye simu nyingi zenye Android 6 kwenda mbele. Jaribu na simu yako kabla ya kununua kibodi, usiniamini mimi wala muuzaji.

Huko kukawia ndiko adui halisi wa anayeanza, kuliko ubora wa sauti. Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone, inajaza ndoo kisha inaimwaga. Ndoo ikiwa ya sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100, unasubiri milisekunde 23 kabla ya kusikia ulichobonyeza. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo hiyo ni sawa na kukaa mita 8 kutoka kwenye kinanda chako mwenyewe. Utacheza kama mlevi, kisha utalaumu vidole. Ishushe ndoo hadi 128 na kukawia kunakuwa milisekunde 3. Kwenye Windows isiyo na kadi ya sauti, weka ASIO4ALL, dereva ya bure, ndipo ndoo ndogo iwezekane bila sauti kukatikakatika. Ukisikia tatata, ipandishe hadi 256. Ukimaliza kurekodi na unachanganya tu, irudishe juu, kompyuta ipumue.

Kitu cha pili ni diski. Piano za sampuli zinasoma rekodi kutoka kwenye diski wakati unapocheza. Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa mjini bado zina diski za kuzunguka, na hizo zikiambiwa zisome noti kumi kwa mpigo zinatapatapa. Kama una shilingi elfu chache za kutumia kwenye "sauti", zipeleke kwa SSD. Hakuna plagini itakayobadilisha maisha yako namna hiyo.

Cha tatu, pedali. Ile ya mguu. Piano bila pedali ndiyo inayoleta mlio wa aiskrimu, pamoja na ugonjwa mwingine ambao ni mkubwa zaidi: kubofya noti zote kwa panya, kila moja ikiwa na nguvu ile ile. Kompyuta hupima nguvu ya kidole kwa namba kutoka 1 hadi 127. Ukichora noti kwa panya, kwa kawaida zote zinatoka na namba moja, tuseme 100. Sasa fikiria yule Holm aliyerekodi nguvu 16 tofauti, na wewe unatumia moja. Umepakua jumba la vyumba 16 ukakaa barazani. Hata kama huna kibodi, zishike noti hizo uzipe namba tofauti: mkono wa kushoto chini kidogo, noti ya juu inayobeba wimbo iwe na nguvu, noti za kupita ziwe 40 au 50. Kisha zisogeze noti za kodi moja zisianze zote kwa wakati mmoja kabisa, maana hakuna binadamu mwenye vidole vya kijeshi hivyo. Fanya hili na piano ya hovyo kabisa, utaona inaanza kupumua.

Kwa hiyo ukiniuliza nipe pesa zangu nani, jibu langu ni hili: kibodi ndogo ya kuunganisha, iliyotumika, yenye vitufe 49 kama unaweza kuipata kwa sababu 25 zinabana mikono miwili, na yenye tundu la pedali. Kisha SSD. Kisha hedifoni za maana. Piano inakuja ya nne, na hiyo ya nne ni ya bure.

Kuhusu programu ya kurekodia, nimechoka na ule ubishi wa FL Studio dhidi ya nyingine zote, ila kuna ukweli wa bei unaofaa kujua. FL Studio ya majaribio inakuruhusu ufanye kazi na utoe wimbo, ila haikuruhusu kuufungua tena mradi uliouhifadhi. Toleo lake la chini ni kama dola 99, na ukishalinunua masasisho ni ya bure maisha yako yote. Reaper ni dola 60 kwa mtu binafsi asiye na mapato makubwa, karibu Sh7,700, na inakupa siku 60 za kuijaribu bila kukubana. Kumbuka pia kuwa huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa VAT ya asilimia 16 hapa Kenya, kwa hivyo bei unayoiona si lazima iwe ndiyo utakayokatwa. Huna kadi ya benki? Tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni, GlobalPay, unaitengeneza kwenye simu.

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo anasema moyoni: huyu anajisumbua, si kuna kreki? Ndiyo, zipo. Unapewa kwenye flashi na rafiki, unaambiwa zima antivairasi kwanza, halafu bofya hapa. Hebu isikilize sentensi hiyo tena. Zima ulinzi, kisha umfungulie mlango mtu usiyemjua. Kwenye mashine hiyo hiyo ndimo ulimo Gmail, picha zako, na labda ndiyo ile unayofungulia akaunti ya YouTube ya msanii mwenzako. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 nayo ipo, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndiyo inayoisimamia. Sitakuambia polisi watakuja Ukunda kukagua laptop yako, tusidanganyane. Lakini kuna kitu cha ajabu katika msanii anayelalamika kwamba nyimbo zake zinapigwa baani bila yeye kulipwa, hali piano iliyo ndani ya wimbo huo aliiiba. Zamani mtu angejitetea kwamba hakukuwa na njia nyingine. Sasa ipo, na haina hata senti.

Jambo jingine linalohusu pesa moja kwa moja: soma leseni. "Bure" haimaanishi kitu kimoja. Salamander unaitumia kwenye wimbo wa kuuza bila wasiwasi. Nyingi za aina hii zinakuruhusu kutengeneza nyimbo lakini zinakukataza kuuza zile sampuli zenyewe, jambo ambalo ni haki. Hatari kubwa zaidi ni lupu, vile vipande vya piano ambavyo tayari vimepigwa na wewe unaviburuta tu. Ukikiweka kipande hicho kikiwa peke yake mwanzoni mwa wimbo, watu elfu duniani wameshafanya hivyo, na mfumo wa YouTube wa kutambua sauti unaweza kuudhani wimbo wako ni wa mtu mwingine. Kisha kazi yako inamletea pesa mtu asiyejua hata Msambweni iko wapi. Noti ulizopiga kwa vidole vyako mwenyewe, hata zikiwa nne, hazina tatizo hilo.

Wapo wanaouliza kama haya yote hayajapitwa na wakati, maana sasa kuna mashine za akili unde zinazotoa wimbo mzima, piano, ngoma na mwimbaji, kwa kuandikiwa sentensi moja. Kwa muziki wa kujaza ukimya kwenye lifti ya hoteli, sawa, sehemu hiyo huenda tukaipoteza. Ila bibi harusi wa Kidigo anayetaka kuingia ukumbini kwa mdundo wa sengenya, na zumari likijibizana na piano, hatapata hilo kwa sentensi moja. Na hapo kuna aibu ndogo tunayofaa kuizungumza: kuna piano za bure za vyumba vya London na makanisa ya Uswidi, lakini jaribu kutafuta kayamba zuri, upatu, au ngoma za sengenya zilizorekodiwa kwa namna hiyo. Utahangaika. Decent Sampler haichezi tu vya wengine, unaweza kukitengeneza chako: rekodi noti za zumari la mzee mmoja kwa ruhusa yake, mlipe, zipange kwenye faili, na umepata kinanda ambacho hakuna studio Nairobi inayo. Simu nzuri na chumba kisicho na mwangwi vinatosha kuanzia. Fanya mchana, kabla jirani hajawasha jenereta.

Mwisho wa kiufundi kisha nikuache. Piano ukiisikiliza peke yake kwenye hedifoni inapendeza ikiwa nene. Kwenye wimbo, unene huo unagombana na besi. Kata kila kilicho chini ya Hz 100 kwenye piano, wakati mwingine hata 150, kama kuna gitaa la besi. Kisha badilisha wimbo wote uwe mono na usikilize. Spika nyingi za hotelini, za matatu za Likoni, na za simu zenyewe ni mono au karibu na mono, na baadhi ya piano zilizorekodiwa kwa stirio pana zikibanwa hivyo zinakonda ghafla, kama mtu aliyefunga Ramadhani bila daku. Ikitokea, punguza upana au badilisha piano. Nyingine ni ya bure vile vile.

Kwa hivyo wikendi hii, mtandao wa cyber ukiwa na kasi au usiku bando likiwa rahisi, pakua Sforzando, Salamander na Dexed. Tatu tu. Chagua wimbo mmoja unaoujua vizuri, upige kwa piano ya Salamander, kisha noti zile zile uzipeleke kwa Dexed. Mtumie mtu asiye prodyuza, mama au shangazi ndio wazuri, bila kumwambia ni nini kilichobadilika. Muulize ni upi ungemfanya asimame acheze. Jibu lake lina thamani kuliko video kumi za kukadiria plagini.